Ni Nani Aliyekosa, Baba au Mama?



Katika Injili ya Yohane, sura ya tisa, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wakamwuliza Bwana swali ambalo sisi wakaaji wa Eastlands twalijua sana. Walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyo akazaliwa hivyo, yeye mwenyewe au wazazi wake. Yesu hakuwatajia mkosaji. Alilikataa swali lenyewe, kisha akainama chini, akatengeneza tope kwa mate, akamhudumia yule kipofu.

Mwezi huu nataka tulitazame swali hilo jinsi linavyoulizwa ndani ya nyumba zetu. Tuna wazazi, kutoka Bahati na Jericho hadi Kayole na Dandora, ambao mtoto wao ana dhiki ya aina ya pekee: hapatani na jinsia ya mwili wake. Mvulana analia usiku akisema ndani yake yeye ni msichana. Binti aliyeanza kuvunja ungo anauchukia mwili wake, hataki kuoga wala kujitazama. Wazazi wa namna hii hawazungumzi katika Jumuiya. Humsubiri katekista sala ikiisha, wakamvuta kando, wakanena kwa sauti ya chini. Na kabla hawajasema lolote juu ya mtoto, tayari wamekwisha kulaumiana. Baba asema, "Wewe ndiwe uliyemdekeza." Mama ajibu, "Wewe ulikuwa wapi?" Shangazi kutoka mashambani naye aongeza kwamba katika ukoo wao jambo kama hilo halijapata kuonekana, basi lazima limetoka kwa kina mama.

Ndoa nyingi zimeanguka hapo. Mtoto akabaki na mzigo wa pili, yaani kuamini ya kwamba yeye ndiye aliyevunja nyumba ya wazazi wake. Kwa hiyo, ndugu zangu, tujifunze kwanza wataalamu wamegundua nini, kisha tuone mume na mke wafanye nini.

TUTENGANISHE MAMBO

Watu wengi huyatia mambo manne katika kapu moja. Tuyatoe moja moja.

La kwanza ni tabia na michezo. Mvulana anayependa kupika au kusuka nywele za dada zake, na msichana anayepiga mpira vumbini na wavulana wa ploti, hao ni watoto tu. Hilo si ugonjwa wala dalili ya lolote.

La pili ni watoto waliozaliwa na maumbile ambayo si ya kike kabisa wala ya kiume kabisa. Kwa Kiswahili tunawaita huntha. Hili ni jambo la mwili, nalo daktari aweza kulipima.

La tatu ni dhiki tunayoizungumzia leo. Mwili wa mtoto hauna kasoro, lakini moyo wake una uchungu mwingi na wa kudumu kwa sababu anajiona kuwa wa jinsia nyingine. Waganga wa Marekani waliipa hali hiyo jina jipya mwaka 2013, wakieleza kwamba kinachotibiwa ni ile dhiki. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya inayohusu jinsia. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Mtoto wangu ana wazimu."

La nne ni habari ya mtu kuvutwa na nani kimapenzi. Hilo ni swali jingine kabisa, wala tusilichanganye na haya.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo ina kweli nyingi, lakini tusiifanye rungu la kuwapiga wazazi. Sikilizeni kisa kimoja cha huko Winnipeg, nchini Kanada.

Mwaka 1965 walizaliwa watoto mapacha wa kiume. Walipofikia umri wa miezi minane hivi walipelekwa kutahiriwa, na mmoja wao akaunguzwa vibaya na chombo cha umeme hata uume wake ukaharibika kabisa. Wazazi walikuwa vijana, wakachanganyikiwa. Walimwendea mtaalamu maarufu, John Money, huko Baltimore, Marekani. Yeye alifundisha kwamba mtoto mchanga ni kama ubao mtupu: ukimlea kama msichana, atakuwa msichana. Basi wakamfanyia upasuaji, wakamwita Brenda, wakamvika magauni, nao wakaambiwa wasimwambie kamwe. Kwa miaka mingi kisa hicho kilisifiwa vitabuni kuwa ushindi. Lakini mtoto mwenyewe aliyakataa magauni na kuteseka shuleni. Alipofikia umri wa miaka 14 hivi baba yake alimwambia kweli, naye mara akarudi kuishi kama mwanamume, akajiita David Reimer. Alioa. Hata hivyo majeraha ya moyo hayakupona, na mwaka 2004 alijiua. Nyumbani kwao siri ile ilikuwa imewatafuna wote: mama alizama katika huzuni, na baba katika pombe.

Kisa kimoja si sheria, nao wataalamu wameonya hivyo. Lakini chatufundisha mambo mawili. Kwanza, malezi peke yake hayaumbi jinsia anayojihisi mtu. Kama magauni, dawa na mtaalamu mkubwa wa Baltimore havikuweza kumfanya mvulana ajione msichana, basi mama wa Umoja hawezi kulaumiwa kwamba alimgeuza mwanawe kwa kumbeba mno mgongoni. Pili, kumlazimisha mtoto na kumficha ukweli huzaa maafa.

Basi sababu ni nini? Utafiti umefuata njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mwili. Sisi sote huanza tumboni tukiwa na maumbile yanayofanana. Katika miezi ya kwanza ya mimba ndipo jeni na homoni zinapoanza kuyatenga ya kiume na ya kike. Ubongo huendelea kukua baadaye, nao pia hupokea homoni hizo. Kwa sababu hiyo wataalamu wengine hudhani kwamba huenda mwili ukafuata mkondo mmoja na ubongo ukafuata mwingine. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walichunguza bongo za watu waliokufa, wakaeleza kwamba sehemu moja ndogo ilikuwa na tofauti kwa waliokuwa na hali hii. Lakini bongo hizo zilikuwa chache, na wale wenye hali hii walikuwa wamekwisha kutumia homoni, kwa hiyo jambo hilo halijakatwa shauri. Hali kadhalika, uchunguzi wa mapacha umeonyesha kuwa pacha wa kufanana, yaani wa yai moja, hupatwa wote wawili mara nyingi zaidi kuliko pacha wasiofanana. Hiyo ni ishara ya kwamba jeni zina sehemu yake. Hata hivyo, mara nyingi pacha mmoja hupatwa na mwenzake asipatwe. Basi jeni si yote.

Kuna pia wasichana wanaozaliwa na maradhi ya tezi zilizo juu ya figo, yanayowafanya wapate homoni nyingi za kiume wakiwa bado tumboni. Wengi wao hupenda michezo ya kivulana, lakini walio wengi huendelea kujiona wasichana. Wachache tu hujiona wanaume. Yaonekana homoni husukuma, lakini haziamui peke yake.

Njia ya pili ni ya nafsi. Mara nyingi dhiki hii huandamana na huzuni nzito, wasiwasi na mawazo ya kujidhuru. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa watu wasiopatana na jinsia yao walikuwa na usonji mara tatu hadi sita zaidi ya wengine. Kwa hiyo daktari mwema humtazama mtoto mzima, si jambo moja tu. Tena, si kila mtoto mdogo anayesema, "Mimi si mvulana," atasema hivyo akiwa na miaka ishirini. Kwa wengine hali hii hupungua kadiri wanavyokua, na kwa wengine kubalehe huizidisha.

Njia ya tatu ni ya jamii: nyumbani, shuleni, mtaani, na sasa katika simu. Mwaka 2024 daktari wa watoto wa Uingereza, Hilary Cass, alitoa ripoti ndefu kwa huduma ya afya ya huko. Alieleza kwamba idadi ya vijana waliofika kliniki, hasa wasichana, ilikuwa imepanda sana katika miaka kumi na zaidi, na kwamba hakuna sababu moja inayotosha kueleza hilo. Alisema pia kuwa ushahidi juu ya dawa za kuzuia kubalehe ni dhaifu, na mwaka huohuo Uingereza ilizizuia dawa hizo kwa vijana wenye dhiki hii. Lakini kuhusu nyumbani, utafiti hurudia jambo lilelile: kijana anayedhihakiwa na kukataliwa na jamaa huumia zaidi na hujidhuru zaidi, na yule anayejua ya kuwa baba na mama hawatamtupa husimama imara zaidi.

Mwaona basi, wapendwa, hakuna mtaalamu mwenye kusema, "Sababu ni mama," au, "Sababu ni baba." Sababu ni nyingi, zimesukana kama ukili, na nyingi zake zilianza mahali ambapo hakuna mzazi awezaye kufikisha mkono wake.

MAMBO YALIYOTOKEA KWETU KENYA

Wengine husema mambo haya yameletwa na Wazungu. Sivyo. Mwaka 1964 mtaalamu Robert Edgerton aliandika juu ya Wapokot wa nchi yetu, jinsi walivyokuwa na neno lao la kumwita mtu aliyezaliwa huntha, na jinsi mtu huyo alivyonyimwa jando na unyago akabaki pembeni maisha yake yote. Wengine waliuawa wakiwa wachanga. Watoto hawa walikuwako kwetu tangu zamani, na sisi hatukuwatunza vema.

Mwaka 2009 alizaliwa mtoto katika Hospitali ya Kenyatta, na mahali pa kuandika jinsia, fomu ikaandikwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda Mahakama Kuu, na mtoto akaitwa Mtoto A ili asijulikane. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza serikali ieleze ni idara ipi itakayowahesabu watoto wa namna hii na ni sheria gani itakayowalinda. Kabla ya hapo, mwaka 2010, mahakama ilikuwa imekwisha kuamua kesi ya Richard Muasya, huntha aliyefungwa Kamiti pamoja na wanaume na kuvuliwa nguo mbele ya wafungwa wengine. Mahakama ilikataa kuweka jinsia ya tatu, lakini iliamuru alipwe shilingi 500,000 kwa kuvunjiwa utu.

Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawataja watoto hao waziwazi, inataka waandikishwe ipasavyo, na inakataza kuwakata au kuwabadilisha viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa mambo ya jeni. Kwa hiyo ukijifungua mtoto wa namna hii Pumwani au Mama Lucy, usiharakishwe kutia sahihi upasuaji ambao si wa kuokoa maisha. Uliza kwanza.

Kuhusu wale ambao mwili wao hauna utata lakini moyo una dhiki, wengi mtakumbuka jina la Audrey Mbugua. Alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 akiwa na jina la kiume. Baadaye madaktari walimpima na kusema anayo hali hii. Akawa na cheti kizuri asichoweza kukitumia, kwa sababu kila mwajiri aliliona jina moja na kumwona mtu mwingine. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliagiza Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya na kisichotaja jinsia. Mimi simtaji ili mfuate au msifuate njia yake. Namtaja ili mzazi ajue ya kwamba mtoto wake si wa kwanza, na kwamba mlango wa shule na kazi waweza kufungwa kwa mtoto huyu kama hatuna hekima.

KANISA LASEMA NINI?

Kanisa hufundisha kwamba mwili ni zawadi ya Mungu, na ya kuwa mwili na roho ni mtu mmoja. Kwa ajili hiyo, hati juu ya hadhi ya mwanadamu iliyotolewa Vatikani mwezi Aprili 2024 haikubali kubadilisha jinsia kwa upasuaji. Lakini hati hiyohiyo inaeleza kwamba mtu aliyezaliwa na utata wa viungo vya uzazi, au ambaye utata huo ulijitokeza baadaye, aweza kutibiwa, na kwamba huko si kubadili jinsia. Vilevile inaanza na fundisho ambalo wengi hulirukia: hadhi ya mtu haipotei katika hali yoyote ile. Nayo hati ya mwaka 2019 juu ya malezi, iliyotolewa na idara ya elimu ya Kikatoliki, huweka kusikiliza kuwa hatua ya kwanza. Basi mzazi anayempiga mtoto huyu akisema anatetea imani, hajaisoma imani anayoitetea.

Tukumbuke pia ya kwamba Bwana mwenyewe, katika Matayo sura ya kumi na tisa, palepale alipokuwa akifundisha juu ya ndoa, alitaja watu waliozaliwa tofauti tangu tumboni mwa mama zao. Aliwataja bila kuwadhihaki. Sisi ni nani hata tuwacheke stejini?

MUME NA MKE WAFANYE NINI?

Kwanza, zungumzeni ninyi wawili kabla ya kuzungumza na mtu mwingine. Katika nyumba ya chumba kimoja hili si rahisi. Tokeni basi, tembeeni jioni, au kaeni kanisani baada ya Misa. Wekeni agano: hakuna kulaumiana. Mkishindwa kusema bila hasira, mwiteni wanandoa wakongwe mnaowaamini au padre.

Pili, msikilizeni mtoto. Mwulizeni, "Tangu lini? Unaumia wapi? Kuna mtu amekugusa au kukuumiza?" Swali la mwisho ni la lazima, lakini msilitumie kama jibu lililokwisha kupatikana. Msiahidi mambo makubwa, wala msitishe. Mwambieni tu, "Wewe ni wetu, nasi tutatafuta msaada pamoja."

Tatu, msimpeleke kwa mganga, wala kwa mhubiri wa kutoa pepo kwa kelele na kufunga kwa siku nyingi. Msimfukuze kwenda kwa nyanya mashambani ili majirani wasione. Nendeni kwa daktari wa watoto ili apime mwili na homoni, na kwa mshauri au daktari wa akili. Hospitali ya Mathari iko karibu nasi, na kwenda huko si aibu. Mkisikia mtoto akitaja kufa, au mkiona amejikata, msingoje siku ya kliniki. Nendeni siku hiyohiyo, na msimwache peke yake.

Nne, msikimbilie dawa zinazouzwa kimyakimya. Homoni zinazonunuliwa bila daktari zaweza kudhuru damu na ini, na mengine hayarudi nyuma.

Tano, lindeni jina la mtoto. Sisi wa mitaa twajuana. Neno likitoka kwa Mama Fulani asubuhi, jioni limefika stejini. Mwambieni mwalimu mkuu yale tu yanayohitajika, hasa kuhusu sare, choo na bweni, ili mtoto asidhalilishwe. Na ndugu zake waambiwe ukweli kwa maneno mepesi, wasije wakamcheka.

Sita, ninyi wawili mtunze ndoa yenu. Wazazi wenye mtoto mwenye dhiki husahau kwamba wao ni mume na mke. Kuleni pamoja, salini pamoja, chekeni pamoja. Mtoto aliye katika dhoruba hutazama kwanza kama chombo bado kinaelea.

Baba, nakuomba neno moja. Wengi wa wanaoondoka ni sisi wanaume, tukiogopa kuchekwa na wenzetu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ukiondoka, mtoto atajifunza ya kwamba upendo una masharti, na atakwenda kuutafuta kwa watu wasiomtakia mema. Nawe mama, usimfunike mtoto kwa siri ili baba asijue. Siri ilivunja nyumba ya Winnipeg, nayo yaweza kuvunja ya Buruburu.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, kuna jambo juu ya mtoto wetu ambalo kila mmoja analijua lakini hatujaambiana?

2. Maneno gani ya lawama tumeyatumia, na ni nani kati yetu ataanza kuomba msamaha?

3. Jamaa wakiuliza, tutajibu nini kwa sauti moja?

4. Ikiwa jirani yetu ana mtoto wa namna hii, nyumba yetu ni mahali ambapo aweza kuketi na kupewa chai?

Tusali: Ee Bwana, uliyeinama chini kwa ajili ya mtu ambaye wengine walikuwa wakimjadili, utuondolee hamu ya kumtafuta mkosaji. Utupe masikio ya kumsikia mtoto wetu, subira ya kungoja, na hekima ya kumtafuta daktari mwema. Utushikamanishe mume na mke siku tunapoelekea kuachana. Amina.